Betri Niliyoianika

Wanjiru,

Salamu tutapeana kesho stendi, kwa hivyo hapa sianzi na salamu. Umeshuka mjini kusukwa, nami nakijua kichwa chako: hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nimeweka maharagwe motoni na nimetoa ile kalamu ya wino mwekundu niliyokuwa nikisahihishia watoto wa nasari, maana nyingine zote zimekauka. Usione wino huu ukadhani nakusahihisha wewe. Leo anayesahihishwa ni mwalimu.

Kuhusu Juba sina la kukufundisha. Mimi sijavuka hata Malaba. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, wanaume na kanisa, shangazi yako ameyasema yote tangu Jumapili, na kila ulipomeza mate alianza upya. Nitakuambia jambo moja tu, nalo ni la betri.

Najua umekunja uso. Tangu Januari hatulitaji neno hilo katika nyumba hii. Ulipopata laptopu nyingine ya mtumba, ya aina ile ile ya kwanza, uliapa mbele yangu kwamba betri hutanunua tena maisha yako yote. Ile iliyokuja nayo imekufa zamani, basi umekuwa ukiichomeka ukutani siku nzima kama mbuzi wa kufungwa kamba. Hapa Dundori inawezekana. Lakini ni wewe uliyeniambia kwamba huko uendako jenereta huwashwa saa chache tu, na kazi yako yote imo ndani ya mashine hiyo. Utafanyaje?

Katika begi utakalobeba mkononi, chini ya sweta la kijani, kuna betri mpya. Imetoka kwa Kibet.

Ndiyo, Kibet huyo huyo. Usiichane barua. Kaa kitako, nikuambie nilichopaswa kukuambia miezi kumi iliyopita: Kibet hakutuuzia betri mbovu. Aliyeiharibu ni mimi.

Sasa nimeshasema. Nitaendelea, maana nikiacha hapa nitaitia barua hii jikoni iungue na maharagwe.

Wewe ulizaliwa redio yetu ikiwa imeshazeeka. Baba yako, Mungu amlaze pema, aliinunua tukiwa bado hatujapata mtoto, redio ya mbao inayokula mawe manne makubwa ya betri. Tulikuwa tukisikiliza habari, halafu matangazo ya vifo, halafu baba yako anazima haraka, hataki nguvu iliwe na nyimbo. Mawe yakianza kuchoka, sauti inakuwa ya mtu aliyefunikwa blanketi. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu. Asubuhi nayatoa, nayapanga juu ya bati la banda la kuku, yanaota jua mpaka alasiri. Mawingu yakija, nayahamishia pembeni ya mafiga. Jioni redio inaimba. Siku mbili, wakati mwingine tatu. Baba yako alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mke wangu anafufua wafu." Nilikuwa nikiinamisha kichwa kana kwamba naona haya, kumbe navimba kwa raha.

Nakuambia haya si kujitetea. Nataka ujue upumbavu wangu ulikotoka. Ulitoka mahali pazuri, na ndiyo maana sikuutilia shaka.

Unakumbuka siku tuliyoenda pamoja kwa Kibet, yule fundi rafiki yako? Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, wewe ukiwa umeshikwa na projekti yako ya chuo kule Njoro, na laptopu haiwezi kukaa dakika kumi bila waya. Kile kibanda chake chini ya ngazi, kaunta ya kioo, kalenda tatu ukutani zote za miaka iliyopita. Wewe ulimtajia kampuni iliyotengeneza laptopu, ukadhani yatosha. Akatikisa kichwa.

"Sistee, jina la kampuni si kitu. Hiyo kampuni iko na mashine mia. Nipe betri yenyewe niisome mgongo."

Akaigeuza, akasoma ile namba ndefu ya modeli, akasoma volti, akaandika kwenye kiganja. Kisha akatoa mbili, akaziweka mbele yako. Moja ilikuwa na stika inayong'aa.

"Hii watu wa hapo mbele wanaita ori, orijino. Ori ya wapi? Shika usikie vile ni nyepesi. Sasa shika hii ingine. Nisikudanganye, hii pia si ya kampuni, ni ya kufanana nayo. Lakini ni mpya, haijakaa stoo, volti ni ile ile, na risiti ni yangu. Ikikusumbua unanirudia mimi."

Ulichukua ile nzito. Ulichagua vizuri. Liweke hilo moyoni kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mwaka mzima umekuwa ukijilaumu kwamba ulichagua vibaya. Nimekusikia ukijilaumu, nami nikiwa hapo hapo nachambua mboga.

Ndipo mimi na mdomo wangu nikauliza: "Na stima zikipotea, hatuwezi kuianika kidogo juani?"

Kibet alicheka mpaka akashika kaunta. "Mathe, hii si mawe ya redio! Hii haipendi joto hata kidogo. Ukianika hii utanimaliza!"

Tukacheka sote watatu. Kwa hivyo usije ukasema mama hakujua. Mama aliambiwa.

Halafu ikaja Januari, na machafuko ya baada ya kura. Sitaieleza, uliiona. Kampasi ilifungwa, ukarudi nyumbani na projekti ikiwa imebakiza sura moja. Transfoma ya hapa chini ikaungua na kwa siku mbili hakuna aliyethubutu kuja kuitengeneza. Siku ya pili ya giza, asubuhi, nilikukuta umekaa mezani mbele ya kioo cheusi unalia bila sauti. Ulikuwa unalilia mambo mengi, najua, si projekti tu. Ukavaa gamboti ukatembea hadi senta kutafuta mtu mwenye jenereta.

Nilikaa nikiitazama ile laptopu. Nikaipindua juu ya meza, nikasukuma vile vidude viwili kama nilivyomwona Kibet akifanya, betri ikatoka. Jua lilikuwa kali. Nikaipeleka juu ya bati la banda la kuku.

Unaniuliza kwa nini, na mtu alishanikataza? Nimejiuliza hilo zaidi yako. Jibu la kwanza ni kwamba nilikuwa nimeshachoka kuwa mama asiyeweza kitu. Nilikuona unalia, na mikono yangu ilijua jambo moja tu la kufanya. Jibu la pili ni chungu zaidi. Wiki ile, Wanjiru, nilikuwa nimeshaanza kusikiliza maneno ya watu. Nilikumbuka katazo la Kibet nikajiambia, "Na yule wa kule, neno lake lina uzito gani?" Nilimvua ufundi kwa sababu ya jina lake, jina la kabila lingine. Mimi, niliyefundisha watoto wa kila jina kuimba pamoja wameshikana mikono.

Ilikaa juani tangu saa nne. Saa nane mawingu yakaingia nikaihamishia pembeni ya mafiga. Nilipoishika baadaye ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka majivuni, na ganda lake limetuna kidogo tumboni. Nikapuliza. Nikasubiri ipoe. Kuirudisha ikakataa. Nikaisukuma kwa kiganja, nikaegemeza uzito wangu wote, ikalia kaa! ikaingia. Nikajisifu. Uliporudi mikono mitupu sikukuambia kitu, nilitaka uiwashe mwenyewe ushangae. Ukaiwasha, haikuwaka, ukaifunga. Nami nikanyamaza kwa aibu ndogo tu, aibu ya mchezo ulioshindikana. Laiti ningekutania nayo jioni ile.

Siku ya tatu stima zikarudi mchana. Ulipiga kelele ya furaha. Ukachomeka chaja, ukaiacha laptopu juu ya kitanda, juu ya blanketi, ukaja kunisaidia kumenya viazi. Hata tulikuwa tunacheka jambo fulani. Kisha harufu ile.

Mengine unayo mkononi mwako wa kulia, hapo kati ya kidole gumba na cha shahada, panapong'aa. Uliikamata laptopu ikiwaka ukaitupa dirishani kwenye kabeji, betri ikachomoka. Godoro tukalizima kwa maji ya kunywesha ng'ombe. Na fleshi yako ilikuwa na projekti ya mwezi wa kumi, kabla hujaandika hata nusu. Ulikaa chini ukutani ukashika ule mkono na ukasema, "Mum, imeisha." Ukarudia kuandika toka sura ya pili, wenzako wakavaa joho bila wewe.

Hapo nilikuwa bado naweza kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ndipo akaingia Baba Ndung'u jirani, aliyeona moshi, na wengine wawili nyuma yake na panga mkononi, maana wakati ule mtu hakutoka nje bila panga. Akaitazama kupitia dirishani ile betri iliyoungua kwenye kabeji.

"Hii mliuziwa na nani?"

Ukasema, "Kibet, yule wa mjini chini ya ngazi."

"Kibet." Akawatazama wenzake. "Na bado mnauliza ilishika moto aje?"

Wanjiru, chumba kizima kilinigeukia mimi. Mimi ndiye Mwalimu. Katika kijiji hiki nikisema leo ni Jumanne watu wanabadilisha kalenda. Ningesema, "Hapana, ni mimi niliyeianika," wangenicheka mwaka mzima, na hilo ndilo pekee lingenipata, kicheko. Nikaogopa kicheko. Nikasema, "Mungu anajua."

Mungu anajua! Kumbe na mimi nilikuwa najua.

Jioni ya kesho yake Kibet alikupigia. Habari zilikuwa zimemfikia. Ulikuwa umekaa hapa hapa ninapoandikia, mkono umefungwa kitambaa, simu umeiweka sauti ya nje kwa sababu hukuweza kuishika vizuri. Akakupa pole, akauliza kama umeumia. Ukamwambia, "Ulitaka kutuchoma? Tulikukosea nini?" Kisha akasema polepole, "Sistee, niletee hiyo betri tu niione. Nitakuja hata nusu njia. Nikiiona nitajua." Ukakata simu.

Ulilala. Asubuhi ukatoka kuitafuta kwenye kabeji, nikajua moyo wako ulikuwa umeanza kulegea, ulitaka kumpelekea aione. Nikakuambia nimeitupa chooni isije ikashika moto tena. Ulinishukuru. Ni kweli niliitupa chooni, lakini si kwa sababu ya moto. Lile ganda lililotuna lingesema.

Hadithi ilishuka mjini kwa miguu yake. Ilipofika huko haikuwa tena betri, ilikuwa bomu. Mwisho wa mwezi, ulipokuwa umeenda kwa shangazi yako, Baba Ndung'u alikuja akakaa, nikampa chai. Akaniambia habari za maduka yaliyovunjwa, kisha akasema, "Na yule wenu wa betri naye amepata yake. Hata kioo hakijabaki. Ametoroka na nguo alizovaa." Maduka mengi yalivunjwa wiki ile, ya watu wa kila upande, sitaki kujifanya mimi ndiye niliyeichoma nchi. Lakini lile lilivunjwa kwa maneno yaliyotoka nyumbani kwangu. Unajua nilifanya nini? Nilimwongeza chai. Nikamuuliza kama sukari imetosha.

Ndiyo maana nilikoma kwenda mjini. Ulidhani ni magoti.

Nimebeba jambo hili tangu wakati huo, nikingoja lizoeleke. Halizoeleki. Ulipopata kazi ya Juba na nikakusikia ukimwambia shangazi yako kwamba utanunua waya mrefu lakini betri katu, niliona kwamba uongo wangu utapanda gari pamoja nawe mpaka ugenini. Hapo nikashindwa.

Ile safari ya Molo ya kumwona rafiki mgonjwa mwezi uliopita, hakuna rafiki aliyeugua. Nilikwenda kwanza mjini kwa yule mzee wa Kihindi wa duka la vipuri, alikokuwa Kibet akinunua vitu vyake. Nikauliza. Akasema, "Kibet alirudi kwao, Olenguruone. Fundi safi sana yule. Sijui nani alimharibia jina." Nikasema asante, nikatoka.

Olenguruone ni baridi kuliko kwetu. Nilimkuta sokoni, katikati ya wauza mitumba na wauza kamba za ng'ombe, ana meza moja na mwavuli, anatengeneza redio na kuchaji simu za watu. Amekonda. Alinijua kabla sijafika.

"Mwalimu."

"Kibet."

Hakuniambia karibu. Nikasimama na mkoba wangu kama mtoto aliyechelewa shule, nikamwambia yote, bati, mafiga, choo. Aliendelea kufunga skrubu ya redio ya mtu mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Nilijua iliona joto. Betri ya wiki sita haiwezi shika moto bure. Nilijua kuna mtu ameipika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani, mathe? Nani alikuwa anasikia?" Akaiweka ile redio chini. "Nilidhani ni Wanjiru. Nilidhani ameiacha kwa jiko, halafu akaniwekelea. Huo mwaka wote nimemchukia yeye. Kumbe ni wewe."

Hebu ona, mwanangu. Wewe ukimchukia yeye, yeye akikuchukia wewe, nyote wawili hamna kosa, na mimi katikati nakamua ng'ombe.

Nilimwomba msamaha. Sikuupata, na sitakudanganya kwamba niliupata. Alisema, "Mimi si padre." Mteja akaja na simu yake, akamhudumia, akarudi akanikuta bado nimesimama. Akauliza, bila kunitazama, "Na hiyo mashine mpya yake iko na betri gani?"

Nikampa karatasi niliyonakilia volti. Akairudisha. "Volti pekee haitoshi. Hii ni kama kuniambia mtoto ana umri gani bila kuniambia jina. Leta yenyewe." Kwa hivyo nikarudi mara ya pili na betri yako iliyokufa, nimeifunga kwenye leso. Hukugundua kwamba haimo, mashine ilikuwa ukutani kama kawaida. Akaisoma mgongo. Akaniambia kumi nukta nane na kumi na moja nukta moja ni ndugu, moja inaweza kukaa mahali pa nyingine, lakini kumi na nne ni ukoo mwingine kabisa, nisikubali hata kama inaingia. Ile namba nyingine, ya uwezo, ikiwa kubwa zaidi haina ubaya, itakaa muda mrefu tu. Akaagiza Nairobi kwa mtu anayemwamini.

Mara ya tatu ilikuwa wiki jana. Betri ilikuwa imefika, bado ndani ya karatasi yake. Akaipima mbele yangu kwa kile kidude chenye waya mwekundu na mweusi, akalinganisha meno yake na ya ile ya zamani, moja baada ya nyingine. Kisha akaishikilia.

"Umemwambia?"

"Nani?"

"Wanjiru. Umemwambia ni wewe?"

"Nimemwambia," nikasema.

Hata sikupepesa macho. Miezi kumi ya kuficha na safari tatu za kutubu, na bado uongo ulinitoka kama pumzi. Kibet akachukua kalamu ile ya kuandikia madebe, akaandika neno moja kwenye tumbo la betri, kwa herufi kubwa. USIANIKE.

Nikajaribu kucheka. "Wanjiru hawezi kuianika, yeye amesoma."

"Sijaandikia Wanjiru," akasema. "Nimeandikia wewe."

Akaniwekea mbele laptopu mbovu aliyokuwa nayo hapo, ya aina kama yako, akanilazimisha kuitoa na kuirudisha betri ya zamani mara nne, mimi mwenyewe, hadi mkono ukajifunza. Nakupa kama nilivyopewa. Zima mashine kabisa, usiiache ikisinzia. Chomoa chaja. Ipindue juu ya kitambaa laini. Sukuma vile vidude, inua ya zamani kwa vidole, kisu kisikaribie. Tazama meno ya ndani, yakiwa na vumbi yapanguse kwa kitambaa kikavu. Ile mpya itelezeshe kwa upole mpaka ulisikie lile ka! dogo. Ikikataa, itoe uangalie. Hapo Kibet alinishika kiganja, hiki hiki nilichosukumia, akasema, "Ukiona unatumia nguvu, jua kuna kitu hakiko sawa." Nimekuwa nikilifikiria neno hilo kuliko mahubiri yote niliyosikia mwaka huu.

Ichaji kwa chaja ya mashine yenyewe, juu ya meza, si kitandani, nawe uwe macho chumbani mpaka ijae. Kupata vuguvugu ni kawaida. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, au ukiona imetuna, au inanuka, usiitoboe wala usiijaribu tena. Chomoa, itoe nje kwenye udongo mtupu, na usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Juba jua ni kali, watu wanasema bati linakaanga yai. Usiiache dirishani, wala ndani ya gari lililofungwa. Na safarini isiingie kwenye buti la basi, ibebe mkononi.

Hayo ya betri yamekwisha. Ya mama yako bado.

Kiswahili kina ujanja wake. Mtu huanika mahindi, na mtu huanika siri. Mimi nilianika kisichoanikwa, nikafungia ndani kilichostahili kutolewa juani watu wote wakione. Kila nikisoma lile neno la Kibet nasikia maana zote mbili, na sijui kama yeye alizisikia. Nadhani alizisikia. Nadhani alijua nimemdanganya.

Kesho kutwa, Jumapili, wewe ukiwa njiani, nitasimama kanisani wakati wa matangazo niseme. Baba Ndung'u atakuwa kwenye benchi lake. Wacheke wakitaka kucheka, ingawa najua wengi hawatacheka. Wengine watanuna, kwa sababu hadithi ya bomu iliwafaa. Kioo cha Kibet hakitarudi, wala jina lake mjini halitarudi lote. Nimekubali hivyo. Sikuandikii kukuambia mambo yatakuwa sawa.

Namba yake nimeiandika kwenye karatasi iliyofunga betri. Mpigie kabla hujavuka mpaka. Usimpigie kwa niaba yangu. Mpigie kwa sababu mlikuwa marafiki na mlinyang'anywa. Akikuuliza mama yako alikuambia lini, usinifunike. Mwambie ukweli, kwamba alikuambia siku moja kabla ya kuondoka, kwa karatasi, na kwamba kule Olenguruone aliposema ameshakuambia, alikuwa anadanganya tena.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii pamoja na betri, uikute huko mbali, unikasirikie ukiwa Juba nami niko Dundori, nisiuone uso wako. Nimeshaikunja mara mbili na kuitia chini ya sweta la kijani. Nimeitoa. Hiyo nayo ni choo, Wanjiru.

Naiacha mezani chini ya kikombe chako. Maharagwe yako tayari, usiniwekee. Nimeenda zizini kukamua, na nikimaliza sitaingia ndani, nitakaa pale kwenye debe. Ukija, njoo na huo mkono wa kulia, niutazame vizuri. Sijawahi kuutazama. Na usipokuja, kesho asubuhi nitakubebea begi hadi stendi, nami sitasema neno.

Mama yako